Deni Lisilo na Mdai

Mhariri wangu ana kalamu nyekundu na hana huruma nayo. Novemba mwaka jana nilipewa kutafsiri hotuba ya kiongozi mmoja wa Ulaya, aliyokuwa akiitoa kwenye kumbukumbu ya watu waliokufa vitani. Ndani yake kulikuwa na kitenzi ambacho nimekitumia tangu shule ya msingi bila kukitilia maanani: owe. Kiongozi alikuwa anasema kwamba wao walio hai wana deni kwa wale waliokufa, deni la kusema ukweli. Saa ya kufunga ukurasa ilikuwa imefika, nikaandika haraka haraka: "Tunadaiwa ukweli na waliokufa."

Mhariri akaizungushia duara, na pembeni akaandika: "Maiti anadai vipi?"

Nilicheka, nikabadilisha nikaweka "ni wajibu wetu", gazeti likaenda mtamboni. Lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani. Sababu ninayo na nitaisema, ila kwanza nivumilie kidogo tuzungumze sarufi, maana bila sarufi kisa changu kitaonekana ni cha hela tu.

Mwingereza mwenye deni anasema I owe. Yeye ndiye mtenda. Kitenzi ni chake, kinaanza naye, na hata yule anayemdai asipotajwa sentensi inasimama. Sisi tunasema nadaiwa. Angalia kilichotokea hapo: kitenzi ni kudai, na kudai ni kazi ya mtu mwingine. Mimi nimekaa tu, natendwa. Yule mwenzangu akiacha kudai, kitenzi kinabaki bila mwenyewe. Ndiyo maana mtaani ukimuuliza mtu mbona hajalipa hela ya watu, anaweza kukujibu kwa uso mkavu kabisa, "Mbona mwenyewe hajanidai?" Tunamwona mjanja. Lakini kwa namna fulani anafuata sarufi ya lugha yake.

Utasema, mbona pia tunasema "nina deni"? Kweli tunasema. Lakini "kuwa na" ya Kiswahili ni kuwa pamoja na kitu. Nina deni kama nilivyo na mafua: limenipata, tuko pamoja, huenda litapita. Na hata wajibu wenyewe, katika lugha hii, huwa unatujia kutoka nje. Inanipasa. Imenibidi. Imenilazimu. Jambo ndilo linalofanya kazi, na mimi ni hiyo "ni" ndogo iliyobanwa katikati ya neno.

Sasa turudi kwa owe. Nilidhani ni neno dogo lisilo na historia, kumbe lina makubwa. Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na kitenzi āgan, na maana yake haikuwa kudaiwa hata kidogo. Ilikuwa kumiliki, kuwa na kitu. Kwenye ukoo huo limetoka neno own, ambalo kila mwenye hati ya kiwanja analijua. Na owe ni āgan yenyewe, imebadilika matamshi tu kwa kupita midomo ya watu karne baada ya karne. Hata kwenye tamthilia za Shakespeare, miaka ya kuzunguka 1600, mhusika anaweza kusema owe akimaanisha kwamba kitu ni chake, na mwanafunzi wa leo asiyeonywa atadhani mhusika huyo anakidaiwa.

Neno la kumiliki liligeukaje likawa la kudaiwa? Inaelekea lilianzia mikononi mwa watafsiri, watu wa kazi yangu. Wasomi wa zamani walipokuwa wanakiweka Kilatini katika Kiingereza chao walikutana na debere, kuwa na deni. Njia mojawapo waliyotumia ni kusema āgan tō geldanne, yaani "kuwa nacho cha kulipa". Baadaye watu, kwa uvivu ule ule tulio nao sote, wakaacha kutamka "cha kulipa", ikabaki "kuwa nacho" peke yake imebeba mzigo wote. Na hiyo debere ya Kilatini nayo ukiifungua ndani unakuta habere, kuwa na kitu, na mbele yake kijineno cha "kutoka kwa". Kuwa na kitu kilichotoka kwa mtu. Yaani hizi lugha mbili zilipotaka kutaja deni hazikuanza na sauti ya anayegonga mlango. Zilianza na kile kilicho mkononi mwa aliye ndani.

(Hiyo herufi b kwenye debt, iliyowatesa watoto wengi kwenye imla, nayo ina vituko vyake. Waingereza walilichukua neno kutoka Kifaransa bila b. Wasomi wakaichomeka baadaye ili kuonyesha kwamba wanajua Kilatini. Herufi ya mkopo, na hakuna aliyewahi kuitamka.)

Kilichonishangaza zaidi ni ought, neno ambalo Mwingereza hulitumia kusema "yakupasa". Hilo ni wakati uliopita wa kitenzi hiki hiki. Lilianza kama "alikuwa nacho", likawa "alidaiwa", mwisho likawa "ingempasa". Mahubiri yote na nasaha zote za wazazi wa Kiingereza zinazoegemea ought zimeegemea deni la zamani. Wajerumani hawajajificha hata kidogo: kwao Schuld ni deni na ni hatia, neno moja. Nietzsche mwaka 1887 aliandika kitabu ambamo alidai kwamba dhamiri ya binadamu imetokana na biashara ya mkopeshaji na mkopaji. Nadhani alikusudia kuiumbua dhamiri kwa kuonyesha kwamba imezaliwa sokoni. Mimi sioni aibu iko wapi. Sokoni ndiko watu wasiojuana hulazimika kuaminiana.

Na sokoni, au tuseme dukani, ndiko kisa changu kilipo.

Mwaka 2012 nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, Dar es Salaam. Nilipanga chumba na wenzangu wawili, na jirani kulikuwa na duka la mzee mmoja. Boom lilikuwa limechelewa, na kama ulisoma chuo Tanzania huhitaji maelezo: mkopo wa kujikimu haujaingia, watu wanakunywa chai ya rangi asubuhi na jioni. Mzee alikuwa na daftari la wanafunzi. Mkate, sukari, mchele, vocha, vyote mali kauli, jina lako na tarehe. Boom likiingia unakwenda, anakata mstari, mnaanza upya.

Muhula ule nilitakiwa kwenda kukusanya data za utafiti wangu na sikuwa na hata nauli. Nilimweleza mzee bila kumwomba, au niseme ukweli, nilimweleza kwa namna ile ambayo mtu mzima anaelewa kwamba anaombwa. Hakufungua droo. Aliingiza mkono mfuko wa ndani wa koti lake, akahesabu 150,000, akasema, "Hii si ya duka. Nenda kasome." Daftari halikuguswa.

Boom lilipoingia nilikwenda nikalipa kila kilichoandikwa. Hata vocha ya 500. Ile 150,000 niliitenga, kweli niliitenga, kisha nikaiona simu.

Nilihitimu, nikapata kazi, nikahama mtaa. Kila nilipopita pale alikuwa ananiita "mwandishi" na kuniuliza habari za wakubwa kana kwamba nalala nao chumba kimoja. Namwamkia, "Shikamoo mzee," ananipa soda, anakataa hela ya soda. Hakunidai. Siku moja si siku nyingine. Mwanzoni kimya chake kiliniwasha. Baadaye nikakizoea, nikakipa tafsiri: amesamehe. Miaka mingine nilikitafsiri kwamba amesahau. Kazi ya kutafsiri nimeianza zamani, kumbe.

Mwaka jana, miezi kadhaa kabla ya ile hotuba, mzee alifariki. Nilienda kuzika. Kabla ya jeneza kuondoka nyumbani msemaji wa familia alisimama akatoa lile tangazo ambalo kila aliyezika katika nchi hii amelisikia: mwenye kumdai marehemu ajitokeze, waonane na familia, na anayedaiwa na marehemu vilevile. Shehe akaongeza machache, kwamba nafsi ya Muislamu hufungwa na deni lake mpaka lilipwe, na kwamba mirathi haigawanywi kabla madeni hayajatoka. Bwana mmoja aliyekuwa akimletea mzee unga wa jumla akanyoosha mkono. Kaka mkubwa wa familia akasema pale pale, "Hilo ni letu." Likaisha.

Nusu ya pili ya tangazo, ile ya wanaodaiwa na marehemu, ilipita kama inavyopita siku zote. Imesemwa kwa haraka, hakuna aliyesubiri jibu. Watu zaidi ya mia, duka la miaka mingi, na hakuna hata mmoja mwenye deni. Nilitazama mchanga. Daftari halinijui. Aliyenijua alikuwa amebebwa.

Kwa hiyo mhariri alipoandika "Maiti anadai vipi?" hakujua ameniuliza mimi.

Nilifanya ninachofanya nikiwa na jambo, nilisoma. Kwenye kitabu cha Plato kuhusu dola kuna mzee tajiri, Kephalos, anayesema mwanzoni kabisa kwamba faida kubwa ya mali ni mtu kuweza kufa bila kuwa na deni la sadaka kwa miungu wala la fedha kwa watu. Wanafalsafa humpita haraka ili wamfikie Sokrate. Mimi nilikwama kwake. Anaogopa kile kile ambacho shehe alikitaja, na wametengana miaka zaidi ya elfu mbili.

Kisha nikamkuta Elizabeth Anscombe, mwanafalsafa Mwingereza, na makala yake fupi ya mwaka 1958. Anajibizana na Hume. Mwaka 1740 Hume alilalamika kwamba waandishi wa maadili huanza na sentensi za "iko" na "haiko", mara ghafla unakuta "yapasa" na "haipasi", na hakuna anayeeleza daraja liko wapi. Anscombe analeta mwenye duka. Kweli, mwenye duka! Niliagiza viazi, akaniletea, akanitumia ankara. Je, kudaiwa kwangu ni kitu cha ziada kinachoelea juu ya hayo? Anasema hapana. Katika jamii ambayo watu wananunua na kuuza, hayo yakishatokea, na kukiwa hakuna jambo lisilo la kawaida, basi nadaiwa. Huhitaji kutafuta zaidi.

Nilivutiwa, ila niligota kwenye ankara. Mzee wangu hakuniletea ankara. Nikajaribu kujipa nafuu hapo, ikashindikana, maana ankara ni karatasi ya kukumbushana tu. Ikipotea njiani viazi havigeuki kuwa zawadi. Vimo jikoni kwako.

Rafiki yangu wakili nilimweleza akacheka sana. Akaniambia sheria yetu ya ukomo wa muda inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba. "Deni lako lilikufa kabla ya mzee," akasema. Ni utani mzuri, na una kosa moja. Kinachokufa mahakamani baada ya miaka 6 ni dai. Hakimu hawezi tena kulisikiliza. Lakini hakuna hakimu anayetamka kwamba ile hela sasa imekuwa yangu kwa haki. Dai na deni tumezoea kuyaona kama pacha, sheria yenyewe inayatenganisha.

Na je, kama kimya cha mzee kilikuwa msamaha kweli? Hili ndilo lililonichukua siku nyingi. Mkopeshaji ana haki ya kusamehe, na kwenye dini ya mzee ni jambo la thawabu kubwa. Ila kusamehe nako ni kitenzi, kina mtenda. Mzee hakukitamka. Nilikitamka mimi kwa niaba yake, kwa faida yangu, na sikumwambia. Nikifikiria sana naona alinisubiri kwa adabu. Yawezekana alisahau, pia. Lakini hata hivyo sijui kusahau kwa mtu mmoja kunampaje mwingine umiliki.

Kiswahili, katika kumbukumbu yake ya ndani, hakikunyimwa neno la hali hii. Wazee walikuwa na kuwia: kuwa na haki juu ya mtu. Mwia ndiye mwenye haki hiyo, mwiwa ndiye aliyefungwa nayo. Leo limebaki makanisani na midomoni mwa wageni rasmi, "nawiwa kutoa shukrani." Katika Biblia ya Kiswahili, Paulo anapowaandikia Warumi anatumia neno hilo kusema anawiwa na Wayunani na hata wasio Wayunani. Umati wa watu ambao wengi wao hakuwahi kuwaona, hawakumkopesha senti, na hakuna aliyekuja kumdai. Alikuwa na kitu mkononi ambacho aliona ni chao. Neno letu limesafiri njia ile ile ya owe na ought, kutoka kwenye fedha hadi kwenye wajibu, na limeweza kusimama hata mdai asipokuwepo. Ningelikumbuka siku ile ya hotuba ningeandika "tunawiwa", na nadhani mhariri angeacha.

Niliamua kwenda. Duka sasa linaendeshwa na kijana wake wa mwisho, amegeuza kona moja kuwa uwakala wa fedha za simu. Mama alikuwa uani. Nilikuwa nimebeba 300,000, kwa hesabu kwamba 150,000 ya 2012 si ya leo. Nikamwamkia, nikamweleza yote, pamoja na simu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi sikudai, mwanangu."

Nikaanza kuitikia, sijui hata nilitaka kusema nini, akaendelea: "Lakini weka hapo mezani."

Akamwita kijana. Wakahesabu wote wawili, taratibu. Alipofika 150,000 akasimama, akausogeza mkono. "Hii ya mzee. Hiyo nyingine sijui ni ya nani." Nilimweleza habari ya thamani ya fedha kushuka, nikaeleza vizuri kabisa kama ninavyoandika kwenye ukurasa wa uchumi. Akaniambia mzee hakukopesha kwa kuongeza, na yeye hawezi kuanza leo.

Kijana akatoa simu akapiga hesabu ya mirathi. Mama, kwa kuwa kuna watoto, thumuni: 18,750. Zilizobaki ni za watoto, wa kiume wawili na wa kike watatu, wa kiume sehemu mbili na wa kike sehemu moja. Kila binti naye akapata 18,750, sawasawa na mama yake, na kijana akafurahi jinsi hesabu ilivyokaa. Dada mmoja yuko Muscat anafanya kazi, kijana akasema sehemu yake ataishika mpaka waongee Ijumaa. Ya dada wa Mwanza akaituma pale pale mbele yangu, na ada ya kutuma akailipa yeye. Mama akauliza kama nimekula.

Nilipoondoka nilirudishiwa ile nyingine, noti 15 za elfu kumi. Ziko kwenye bahasha, droo ya meza yangu kazini. Sijazitumia. Juu nimeandika tarehe ya siku ile, na jina la mzee, kisha jina nikalikata.